UZI: Kazi za uandishi wa kujitegemea mtandaoni: pa kuzitafuta, namna ya kuziomba na namna ya kulipwa

Wino_Mzito (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "kazi za kuandika zinapatikana wapi?" hujibiwa kwa orodha ya tovuti ishirini. Mtu anajisajili zote usiku mmoja, mwezi unakatika hajapata hata jibu moja. Shida ni kwamba tovuti hizo si za aina moja. Kuna soko, kuna ubao wa matangazo, kuna wakala, na kuna mnunuzi mwenyewe, na kila mahali pana namna yake ya kuingia.

Masoko. Upwork, Fiverr, Freelancer.com, PeoplePerHour. Hapa mteja na mwandishi hukutana ndani ya jukwaa, pesa hupitia humo humo, na jukwaa hukata chake.

Upwork ilizaliwa na muungano wa Elance na oDesk, jina likabadilishwa 2015. Kuomba kazi pale si bure: kila ombi hulipiwa kwa Connects (tokeni za jukwaa hilo za kuombea kazi), na moja huuzwa dola 0.15. Kazi inayodai Connects 16 imekugharimu dola 2.40 kabla hujasomwa. Ukituma maombi 20 ya namna hiyo, dola 48 zimetoka. Kwa hiyo kurusha maombi ovyo huko ni hasara unayoweza kuipigia hesabu.

Fiverr imegeuza mambo: wewe ndiye unayepanga huduma dukani, mteja anakuja. Wanakata asilimia 20 ya kila malipo, hata bakshishi. Ukiweka "makala ya dola 50", mkononi zinabaki 40, na hapo bado hujatoa gharama ya kuzihamisha.

Freelancer.com hukata asilimia 10 au dola 5 kwa kazi ya bei maalumu (bei moja ya kazi nzima, si ya saa), chochote kilicho kikubwa. Wengi huumia hapa: makato hayo huchukuliwa ukishakubali kazi, hata kama mteja hajalipa. Kazi ya dola 20 inakupotezea dola 5, yaani robo nzima, na mteja akitoweka ile 5 ilishaondoka. Mwambie aweke hatua ya malipo (milestone, yaani pesa za kazi zinazoshikwa na jukwaa) wakati anakukabidhi kazi, ndipo ubonyeze kukubali.

Mbao za matangazo. ProBlogger Jobs (ilianzishwa na Darren Rowse), Mediabistro, We Work Remotely. Hapa mtangazaji ndiye anayelipia tangazo na wewe unaomba bure. Hilo peke yake linachuja wateja wa kubahatisha. Ubaya wake ni kwamba tangazo likikaa siku tatu, sanduku la mhariri limeshafurika. Ubao hufunguliwa kila asubuhi, na tangazo lililovuka saa 48 liache lipite, isipokuwa linaomba ujuzi adimu ulio nao kweli.

Mawakala. Contently, nDash, ClearVoice. Unatengeneza ukurasa wa kazi zako, wao wanakuunganisha na makampuni. nDash ina kitu kizuri: unaruhusiwa kupeleka wazo la makala kwa kampuni bila kusubiri kuitwa. Kwa hao wengine, ukishaweka ukurasa wako, endelea na mambo mengine. Wakikuita, vizuri.

Mnunuzi mwenyewe. Magazeti, majarida ya taaluma, makampuni yenye blogu, mashirika yanayotoa ripoti. Hapa hakuna tangazo, kuna mtu. Yupo mhariri au mkuu wa masoko ambaye kila mwezi ana nafasi za kujaza na bajeti ya kuzijaza. Ukimfikia wakati ananunua, hushindani na waombaji mia. Nia ya uzi huu ni kuwasogeza watu huku: mbao na masoko yatumieni kuanzia na kujua nani ananunua nini, lakini nguvu kubwa iende kwa mnunuzi.

Karibuni wadau mnaojua zaidi, ongezeeni.

---

Mgeni_Uzini

Asante mkuu. Sasa mtu ambaye hajawahi kuchapishwa popote afanyeje? Kila tangazo linadai sampuli.

---

Bi_Mhariri

Karibu Mgeni. Sampuli si lazima iwe imenunuliwa. Mhariri anachotaka kuona ni kama unaweza kufanya kazi *ya aina yake*. Andika tatu tu, maneno 800 hadi 1,200 kila moja, na zote ziwe za eneo moja. Afya, fedha na utalii ukivichanganya, umemwambia mhariri kwamba hujui unakoelekea.

Ya kwanza iwe ya kuelekeza: jinsi ya kufanya jambo fulani, hatua kwa hatua. Ya pili iwe na mtu uliyemhoji, fundi au mtaalamu yeyote anayeijua kazi yake, na maneno yake uyanukuu kwa ruhusa. Hii ndiyo inayokutenga na wengine, kwa sababu kumhoji mtu ni kazi ambayo wengi huikwepa. Ya tatu iwe ya kulinganisha vitu viwili au vitatu na kutoa uamuzi. Wateja wa makampuni huishi kwa makala za namna hiyo.

Kila dai liwe na kiungo cha chanzo cha kwanza. Ukisoma takwimu kwenye blogu iliyonukuu blogu nyingine, fuata mnyororo hadi ripoti yenyewe. Usipoipata, futa takwimu. Mhariri mzuri hubonyeza viungo vyako viwili vya mwanzo, na akikuta blogu juu ya blogu anafunga.

Zichapishe Medium, LinkedIn au kwenye tovuti yako. Kisha, na hili watu hulisahau, ingia web.archive.org, bandika anwani ya makala chini ya "Save Page Now", uhifadhi nakala. Hifadhi na PDF. Tovuti za wateja hufungwa, huuzwa, hubadilishwa sura, na kazi za miaka miwili zinaweza kupotea siku moja. Fanya hivyo kwa kila makala siku ile ile inapotoka.

---

Nukta_Mkato

Niongezee upande wa kutafuta, maana wengi huandika "freelance writing jobs" kwenye Google na kuletewa makala *kuhusu* kazi, si kazi zenyewe.

Google ina alama zake. Nukuu hulazimisha maneno yaje kama yalivyo. Alama ya kutoa huondoa neno. `site:` hubana utafutaji kwenye tovuti moja. `intitle:` hutafuta kwenye kichwa cha ukurasa. `OR` lazima iwe kwa herufi kubwa. Tuseme eneo lako ni ufugaji wa nyuki na unaandika kwa Kiingereza:

`"submission guidelines" "we pay" beekeeping`

`"contributor guidelines" "per word" beekeeping OR apiary`

`site:boards.greenhouse.io "freelance" writer`

`site:jobs.lever.co "freelance" writer`

Mbili za mwisho ni muhimu. Greenhouse na Lever ni mifumo ambayo makampuni huitumia kupokea maombi ya kazi, kwa hiyo unaliona tangazo mahali lilipowekwa na mwenye kazi mwenyewe. Ukishapata matokeo, bana muda kwenye vichujio vya Google uchague wiki iliyopita. Usipobana utaomba kazi iliyofungwa mwaka juzi.

Jihadharini na `intitle:"write for us"`. Ni utafutaji unaofundishwa kila mahali, lakini kurasa nyingi zenye kichwa hicho ni za biashara ya viungo: wanataka makala ya bure, au wanataka *wewe* uwalipe ili uweke kiungo cha tovuti yako. Dalili yake ni kwamba ukurasa unaeleza viungo aya tatu, idadi ya maneno aya moja, na malipo haugusi kabisa. Ukurasa wa mnunuzi wa kweli hutaja kiasi au angalau unasema wanalipa, hutaja jina la mhariri au anwani ya dawati, na hueleza wanachokikataa.

LinkedIn usiishie kwenye sehemu ya kazi. Andika "looking for freelance writers" pamoja na eneo lako, chagua machapisho badala ya kazi, panga kwa ya karibuni, weka saa 24. Wahariri huandika pale "natafuta mwandishi wa fedha" mistari miwili tu, bila tangazo rasmi. Mtu huyo anaweza kuwa ameshampata anayemtaka kabla jua halijazama.

Na ukitafuta mhariri wa jarida, usimwandikie mhariri mkuu. Fungua ukurasa wa wafanyakazi, tafuta mwenye dawati linalobeba wazo lako. Wazo la lishe likienda kwa mhariri mkuu, yeye kazi yake itakuwa kulisukuma kwa mwingine, kama atalifungua.

---

Kalamu_Huru

Wadau, barua yenyewe inaandikwaje? Huko kwenye masoko mtu anatuma thelathini na hajibiwi.

---

Bi_Mhariri

Kalamu Huru, tuchukue mfano mmoja tuufungue. Tangazo: kampuni ya programu za uhasibu inataka makala kwa wenye maduka madogo. Ombi linalosomwa ni kama hili:

> Habari. Mnataka makala za wenye maduka wasio na mhasibu. Makala yenu ya kufunga hesabu za mwezi inaeleza hatua vizuri, ila haimgusi anayeuza kwa mkopo, na huyo ndiye hukwama zaidi.
>
> Hizi mbili niliwaandikia wasomaji wa aina hiyo: [kiungo] jinsi ya kuhesabu bidhaa bila kufunga duka, [kiungo] daftari la wadaiwa linavyopangwa.
>
> Makala ya maneno 1,000 naikabidhi ndani ya siku tano za kazi, pamoja na duru moja ya marekebisho. Swali: mwandishi ndiye atakayewahoji wenye maduka, au mahojiano mnayo?

Maneno hayafiki mia. Angalia kinachofanyika. Sentensi mbili za kwanza ndizo mteja anaziona kwenye orodha kabla hajafungua ombi, na hapo hakuna "mimi ni mwandishi mwenye bidii na uzoefu". Kuna yeye, msomaji wake, na pengo kwenye tovuti yake. Pengo hilo limetajwa kwa adabu: kwanza kilichofanywa vizuri, halafu kilichobaki. Viungo ni viwili na kila kimoja kimeelezwa, hakuna faili lililoambatishwa (wengi hawafungui faili la mtu wasiyemjua). Siku na duru ya marekebisho zimetajwa kwa namba. Swali la mwisho ni la mtu ambaye ameshaanza kuifikiria kazi, na kulijibu ni rahisi kwa mteja. Akilijibu, mazungumzo yameanza.

Kinachoua maombi ni kutosoma tangazo hadi mwisho. Wateja wengi huficha neno katikati: "anza ombi lako na neno CHUNGWA". Kusudi ni kuwachuja wanaonakili ombi moja kwa watu wote. Asiyeandika CHUNGWA anafutwa hata sampuli zake zikiwa dhahabu.

Kwa jarida ni tofauti kidogo. Pale huombi kazi, unapeleka wazo. Kichwa cha barua pepe kiwe na kichwa cha makala unayopendekeza. Aya ya kwanza iwe kama mwanzo wa makala yenyewe. Ya pili: kwa nini sasa, utahoji nani, maneno mangapi, utakabidhi lini. Ya tatu: wewe ni nani, mistari miwili. Kabla ya kutuma, tafuta kwenye tovuti yao kama hawajaiandika. Wazo waliloligusa miezi minne iliyopita halina nafasi, na linaonyesha huwasomi.

---

Mzee_wa_Ankara

Vijana wangu, mmeandika vizuri, ila bado hamjagusa hesabu. Mwandishi akiambiwa "senti 8 kwa neno" hufurahi. Tupige hesabu ya makala ya maneno 1,200: dola 96.

Kusoma maelekezo na barua za mwanzo, nusu saa. Utafiti, saa 2. Mahojiano na kuyanukuu, saa 1.5. Kuandika, saa 3. Kujihariri, saa 1. Marekebisho ya mteja, saa 1. Jumla saa 9. Gawanya 96 kwa 9, unapata dola 10.67 kwa saa. Jukwaa likikata asilimia 10, zinabaki 86.40, yaani 9.60 kwa saa.

Sasa kazi nyingine: maneno 600 kwa dola 40. Kwa neno ni kama senti 6.7, chini ya ile ya kwanza. Lakini ni mada unayoijua, haina mahojiano, unaimaliza kwa saa 2.5. Hiyo ni dola 16 kwa saa. Kwa hiyo bei ya neno haikuambii kitu mpaka ujue saa. Pima makala zako kumi zijazo kwa saa ya ukutani, andika kila hatua. Ukishajua unachukua muda gani kweli, utajua kazi ipi ukubali.

Kinachokula saa mara nyingi si kuandika, ni vitu ambavyo havikutajwa. Kabla ya kukubali bei, uliza: duru ngapi za marekebisho? Mahojiano mangapi? Picha nitafute mimi? Niipakie WordPress mwenyewe na kuandika maelezo mafupi ya injini za utafutaji? Nani anaidhinisha, mtu mmoja au kamati? Kamati ya watu watatu ni duru tatu hata kama mkataba unasema moja, kwa hiyo andikeni: "maoni yote yatatumwa pamoja, kwa hati moja". Sentensi hiyo peke yake inaokoa siku.

Kujua wengine wanalipwa kiasi gani, kuna Who Pays Writers: waandishi wenyewe hutaja jarida, kiasi, na ilichukua muda gani kulipwa, bila majina yao. Angalia tarehe ya kila taarifa, maana bei hubadilika. Na kwa majarida, ulizeni mapema kuhusu fidia ya makala iliyofutwa: wakiagiza, ukaandika, wakaghairi, wanalipa sehemu gani? Ulizeni pia malipo ni baada ya makala kupokelewa au baada ya kuchapishwa. "Baada ya kuchapishwa" inaweza kuwa miezi mingi, maana tarehe ya kuchapisha wewe huipangi.

---

Wino_Mzito

Shikamoo Mzee, hapo umetusaidia. Niunganishe na usalama wa malipo ndani ya majukwaa, maana watu hupoteza haki zao kwa kutojua vitufe.

Upwork, kazi ya bei maalumu: usiandike hata neno kabla hatua ya malipo haijaonyesha kwamba pesa zimeshawekwa. Mkataba kuanza na pesa kuwekwa ni vitu viwili. Ukimaliza, kabidhi kwa kitufe cha kukabidhi kazi. Ukituma faili kwenye ujumbe tu, saa haijaanza kuhesabu. Ukikabidhi kwa kitufe, mteja ana siku 14 za kukagua, na akinyamaza pesa zinaachiliwa zenyewe. Baadaye hukaa siku 5 za usalama, ndipo unazitoa.

Kazi inayolipwa kwa saa: programu yao hupiga picha ya skrini sita kwa saa, wakati usioujua. Ulinzi wa malipo unahesabu muda uliorekodiwa na programu hiyo ukiwa na maelezo ya kazi. Saa ulizoziingiza kwa mkono hazilindwi. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili kwa saa za UTC, na malipo hupatikana siku 10 baada ya wiki kufungwa.

Fiverr: baada ya kukabidhi, mteja asiposema kitu kwa siku 3 agizo linakamilika lenyewe. Kwa muuzaji mpya pesa husubiri siku 14 ndipo zitolewe. Kwa hiyo kodi ya mwezi huu usiipangie kwa agizo la wiki hii.

---

Kalamu_Huru

Na matapeli je? Siku hizi wamejaa kote.

---

Nukta_Mkato

Mbinu zao hazizidi vidole vya mikono miwili, nizitaje zinazowahusu waandishi.

Anayekutoa nje ya jukwaa kabla ya mkataba: "tuongee Telegram". Akishakutoa, hakuna pesa zilizoshikwa wala ushahidi, na akaunti yako inaweza kufungwa kwa kuvunja masharti.

"Jaribio" la maneno 1,500 bila malipo. Akiwapa watu kumi vichwa kumi tofauti, ameshapata makala za mwezi. Jaribio la haki ni fupi, aya mbili tatu, au linalipwa. Jibu lenye heshima: "Nitafurahi kufanya jaribio la kulipwa, au tazama sampuli hii ya mada hiyo hiyo."

Hundi iliyozidi. Wanakutumia kubwa kuliko mlivyokubaliana, wanaomba urudishe ziada. Ziada inatoka kwenye pesa yako, hundi inakataliwa benki siku kadhaa baadaye.

Ada ya kujisajili, ada ya mafunzo, amana ya kukufungulia akaunti. Mwajiri wa kweli haanzi kwa kukudai.

Kukodi au kununua akaunti ya mtu mwingine yenye maoni mazuri. Hapa anayeumia ni mkodishaji na mkodi wote wawili: jukwaa likiomba kitambulisho au video ya uso, akaunti inafungwa na salio linakwama humo. Mwenye akaunti ndiye anayepokea malipo, na hakuna pa kumshtaki.

PayPal nayo ina jambo la kujua: mlipaji anaweza kufungua mgogoro ndani ya siku 180 tangu kulipa. Hifadhi mawasiliano, maelekezo na uthibitisho wa kukabidhi kwa angalau muda huo.

Mwisho, kazi za kuwaandikia wanafunzi insha za kuwasilisha chuoni. Zinatangazwa kama "uandishi wa kitaaluma" na zinaonekana nyingi. Australia ilipitisha sheria dhidi ya kutoa huduma hiyo 2020, na Uingereza sheria ya 2022 ikaifanya kosa kwa upande wa England. Mbali na sheria, huwezi kuitumia kazi hiyo kama sampuli hata siku moja, jina lako haliko, na mteja akigoma kulipa huna wa kumlalamikia. Miaka mitatu humo inakuacha na mikono mitupu mbele ya mhariri.

---

Mgeni_Uzini

Nashukuru sana wakuu. Je, akili bandia? Nasikia wateja wanapitisha makala kwenye vipimo, wanasema umetumia mashine hata kama hujatumia.

---

Bi_Mhariri

Vipimo hivyo hukosea. OpenAI wenyewe walitoa chao Januari 2023 na wakakiondoa Julai mwaka huo huo kwa usahihi mdogo. Anayeandika Kiingereza sanifu, cha sentensi fupi zilizonyooka, anaweza kunaswa bila kosa.

Kinga ni ushahidi wa kazi. Andika ndani ya Google Docs tangu mstari wa kwanza, usiandike kwingine ukabandika, maana historia ya matoleo itaonyesha maneno elfu moja yametua kwa sekunde moja. Tunza sauti za mahojiano, orodha ya viungo, rasimu. Na muulize mteja kabla ya kuanza: mnaruhusu akili bandia kwa lipi? Kutafuta vichwa? Kusahihisha sarufi? Hapana kabisa? Jibu lake liingie kwenye mkataba. Mkikubaliana "hapana kabisa", liheshimu hadi koma.

---

Mzee_wa_Ankara

Nirudi kwenye mteja wa moja kwa moja aliye nchi nyingine. Ankara iwe na namba ya mfululizo, tarehe, jina kamili la kampuni inayolipa, namba ya agizo la ununuzi (PO) kama wanayo, kichwa cha makala, kiasi, sarafu, tarehe ya mwisho ya kulipa na njia ya kulipia. Ikikosa namba ya agizo, idara ya fedha ya kampuni kubwa huirudisha au huiacha imelala, wala mhariri wako hana habari. Ikipita tarehe, mwandikie mhariri na idara ya fedha katika barua moja, ambatisha ankara upya.

Mteja wa Marekani atakutumia fomu W-8BEN, kwa asiye raia wala mkazi wa kodi wa kule. Isikutishe. Unaijaza na kumrudishia mlipaji, huipeleki kwa mamlaka ya kodi. Hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioitia saini: ukisaini 2025, inaisha Desemba 31, 2028. Kazi uliyoifanyia nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi kodi ya kule, lakini fomu isipokuwepo idara ya fedha inaweza kushikilia malipo. Kodi ya nchi unayoishi inabaki palepale.

Kupokea: Payoneer, Wise na PayPal zina makato tofauti ya kupokea, kubadili sarafu na kutoa. Linganisha kiasi kinachofika benki kwako, usilinganishe ada iliyoandikwa juu, maana makato makubwa mara nyingi yamefichwa kwenye kiwango cha kubadilishia sarafu.

---

Kalamu_Huru

Na kufuatilia? Mtu asipojibu, unamkumbusha mara ngapi?

---

Wino_Mzito

Mara mbili. Ya kwanza baada ya siku 7 hadi 10, kwa kujibu barua ile ile ili asitafute, mistari miwili. Ya pili wiki mbili baadaye: "Nisipopata jibu kufikia Ijumaa, nitalipeleka wazo hili kwingine." Halafu kweli ulipeleke. Habari ya muda mfupi usiisubirishe hivyo, siku mbili zinatosha.

Fungua jedwali: tarehe, jina la mhariri, wazo au tangazo, kiungo, bei iliyotajwa, tarehe ya kukumbusha, matokeo. Maombi matano ya wiki yaliyoandikwa kwa mtu mmoja mmoja yana faida kuliko hamsini ya kunakili. Baada ya maombi 30, soma jedwali. Hakuna aliyejibu? Tatizo liko kwenye sentensi mbili za kwanza au kwenye uchaguzi wa wateja. Wanajibu halafu wanapotea? Angalia sampuli au bei. Wanaagiza mara moja hawarudi? Hapo muulize mhariri moja kwa moja ni wapi alilazimika kurekebisha zaidi, wengi hujibu kwa uungwana.

---

Mgeni_Uzini

Swali la mwisho, samahanini kwa usumbufu. Ukiandika makala zinazotoka kwa jina la mkurugenzi wa kampuni, unazionyeshaje kama sampuli?

---

Bi_Mhariri

Hakuna usumbufu, Mgeni. Bila ruhusa huzionyeshi, hata kwa siri, na kumtajia mteja mpya kwamba ya fulani niliandika mimi ni kuvunja makubaliano. Ndiyo maana kazi za namna hiyo huwa na bei ya juu: unauza pia haki ya kutajwa jina lako. Kabla ya kutia saini, omba kipengele kimoja kiongezwe. Wengi hukubali wakiombwa mwanzoni, na hukataa wakiombwa baadaye. Kinatosha hivi: "Mwandishi anaruhusiwa kuwaonyesha wateja watarajiwa, kwa faragha na si hadharani, hadi makala mbili kati ya hizi, siku 60 baada ya kuchapishwa."